Mgongo Unaouma, Mizani ya Mwili na Simu ya Nyumbani



Mgongo hauna kelele. Aliyevunjika mguu huonekana na jirani, akabebwa, akapikiwa. Mwenye maumivu ya mgongo huamka alfajiri kama wengine, hushika ndoo kama wengine, na hakuna anayemuuliza hali yake hadi siku anapoteleza kwenye mteremko wa kutoka mtoni, maji yakamwagika na yeye akashindwa kuinuka. Siku hiyo hulaumiwa matope. Mada hii inahusu jambo lililotangulia matope.

Jambo hilo ni mizani ya mwili, yaani uwezo wa mtu kusimama, kutembea, kugeuka na kubeba mzigo bila kuyumba. Wengi hudhani kwamba maumivu ya mgongo ni habari ya mgongo peke yake. Sivyo. Mgongo ukiuma kwa miezi, mwili mzima hupoteza sehemu ya uimara wake, na mara nyingi mwenye mwili huo hajui kwamba ameupoteza. Ndiyo maana mazoezi ya nyumbani yanayoongozwa kwa simu, ambayo ndiyo kiini cha mada hii, hayakusudii kutuliza maumivu tu. Yanakusudia mtu asianguke.

Kwa hesabu za dunia, mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na inakadiriwa kwamba ifikapo mwaka 2050 watafikia milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowalemaza watu wengi zaidi ya hayo. Hata hivyo, kwa takriban wagonjwa tisa katika kila kumi, uchunguzi hauonyeshi ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Jibu hilo huwavunja watu moyo. Mtu ametoka Masanga au Kenyamsabi, amelipa nauli, amepigwa picha ya eksirei, kisha anaambiwa hakuna kilichoonekana. Hurudi nyumbani akiamini kwamba ama daktari hajui kazi yake, ama yeye mwenyewe ameonekana mwongo. Yote mawili si kweli. Picha huonyesha mfupa. Haionyeshi misuli iliyosahau zamu yake.

Zamu hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana aliyeielewa hufanya mazoezi kwa moyo, na asiyeielewa huyaacha wiki ya pili. Mwili wa binadamu hujua ulivyosimama kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisi zilizomo katika misuli na viungo vyenyewe. Kila mtu anapotaka kuinua mkono, misuli midogo iliyolala ndani kabisa, pembeni mwa uti wa mgongo, hukaza mapema kuliko mkono wenyewe, ili kiuno kisiyumbe. Kwa mtu aliyekaa na maumivu muda mrefu, hisi za mgongoni hufifia na misuli hiyo huchelewa. Hukaza, lakini hukaza baada ya tendo, sawa na mlinzi anayepiga filimbi wakati ng'ombe wamekwisha kuvuka mto. Ili kufidia uchelewaji huo, misuli mikubwa ya nje hujikaza muda wote, mwili ukawa mgumu kama gogo, na gogo likisukumwa haliwezi kujirudisha.

Mgonjwa wa namna hiyo huegemea macho yake kuliko anavyofahamu. Mchana, njia ikiwa nyeupe, hutembea vizuri na hakuna anayemshuku. Giza likiingia, au akibeba mzigo unaomzuia kutazama miguu yake, habari za macho hukatika na ule upungufu hujitokeza. Kwa familia za kata hii giza na mzigo ni mambo ya kila siku. Zizi hufunguliwa kabla ya jua. Choo kiko nje. Kuni hutoka mbali. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa cha mtu ambaye kiuno chake kinachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotosha kumwangusha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka tu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Dawa ya zamani ya mgongo ilikuwa kulala. Wazee wengi waliambiwa hivyo na waganga wao, hata hospitalini, na si kosa lao kuendelea kuamini. Leo inafahamika kwamba kulala siku nyingi huzidi kuidhoofisha ile misuli iliyokwisha kudhoofika. Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo bila upasuaji. Mwongozo huo unatanguliza elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa. Unashauri pia kwamba mikanda ya kiuno isitumiwe kama tiba ya kawaida. Hapo baadhi ya wananchi watashtuka, kwa kuwa mikanda hiyo huuzwa minadani kwa fedha nyingi na hununuliwa kwa matumaini makubwa. Vidonge vya maumivu vina nafasi yake, kwa ushauri wa mtaalamu. Lakini mtu anayenunua vidonge dukani kila wiki kwa mwaka mzima anaweka tumbo na figo zake rehani.

Ikiwa tiba ni mazoezi, kwa nini wagonjwa hawayafanyi? Jibu lipo barabarani. Huduma za utengamao na wataalamu wa mazoezi tiba hupatikana hasa katika hospitali, si katika kila zahanati. Kwa mkazi wa Gorong'a, safari ya tiba huanzia zahanati na kituo cha afya, ikapitia Hospitali ya Wilaya iliyoko Nyamwaga, na kwa wengine ikafika Musoma au Bugando, Mwanza. Sindano huchomwa siku moja ikaisha. Mazoezi tiba hayako hivyo. Hutakiwa kurudiwa mara nyingi kwa wiki, kwa miezi. Mgonjwa anayeambiwa arudi kila wiki huja mara ya kwanza, huja mara ya pili, kisha nauli humshinda, na mgongo wenyewe humkataza kukaa juu ya bodaboda katika njia za mashimo. Katika kadi yake huandikwa kwamba hakuhudhuria.

Katika pengo hilo ndipo simu inapoingia. Wazo la kuihamishia tiba nyumbani ni la zamani kuliko simu janja. Miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand waliwatengenezea wazee mpango wa mazoezi ya nguvu na mizani ya kufanywa nyumbani. Mtaalamu alimtembelea mzee mara chache, akampa kijitabu, kisha akawa anampigia simu kumuuliza maendeleo. Idadi ya kuanguka ilipungua kwa takriban asilimia 35. Mpango ule haukuwa wa wagonjwa wa mgongo, wala haukuwa na video. Ulithibitisha jambo moja lenye uzito: mtu anaweza kujenga mizani yake jikoni kwake, mradi awepo anayemfuatilia.

Karibu zaidi na hali ya Afrika, mwaka 2019 watafiti wa Ile-Ife, Nigeria, walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa wa maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilifanya mazoezi kliniki, jingine liliyafanya nyumbani kwa kuongozwa na programu ya simu. Makundi yalikuwa madogo, na haifai kujenga ghorofa juu ya msingi mdogo. Hata hivyo waliobaki nyumbani walipata nafuu iliyokaribiana na ya wenzao. Kwa upande wa Tanzania, kupokea ushauri wa afya kwa simu si jambo geni. Tangu mwaka 2012 akina mama wajawazito walipokea ujumbe mfupi wa bure wa Wazazi Nipendeni, wakakumbushwa kliniki na dalili za hatari, na waliupokea kwa simu ndogo za vibonyezo ambazo hazijui video ni nini.

Hilo la simu ndogo lisipitwe haraka, kwa sababu neno "kidijitali" huwatisha watu. Mwenye simu janja anaweza kuwekewa video katika kadi ya kumbukumbu, akaitazama bila bando na bila mtandao. Simu hizo pia zina kipima mwendo ndani yake, kile kile kinachogeuza picha mtu anapoilaza simu, na zipo programu zinazokitumia kupima mgonjwa anayumba kiasi gani akiwa amesimama. Ni kitu kizuri kikipatikana. Mwenye kitochi naye hajaachwa nje: mtaalamu humfundisha ana kwa ana siku ya kwanza, kisha humpigia siku zilizopangwa, au humtumia ujumbe wa kumkumbusha zoezi la siku. Kinachoponya ni kurudia zoezi sahihi. Ukubwa wa kioo cha simu hauna sehemu kubwa katika hilo.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyaeleza, na kila moja linaweza kufanyika kwa vitu vilivyomo nyumbani. Mgonjwa huanza chini, juu ya mkeka, akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa. Huinua kiuno polepole hadi mapaja na tumbo vinyooke kama daraja, akahesabu hadi tano bila kubana pumzi, akashuka. Mara 10 zinatosha kwa siku za mwanzo. Kisha hupiga magoti na kuweka viganja chini, mgongo ukiwa bapa kama meza, akanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, akabadilisha. Zoezi hili ndilo linaloiamsha ile misuli ya ndani iliyosahau zamu. Anayelifanya vizuri anaweza kuwekewa bakuli la maji kiunoni lisimwagike, na watoto wa nyumbani hupenda sana kuwa waamuzi.

Baada ya hapo husimama. Kuinuka kutoka kwenye kigoda na kuketi tena bila kushika kitu, mara 10, hujenga mapaja ambayo ndiyo nguzo za kiuno. Kisha huja mizani yenyewe, na hapa mgonjwa asimame karibu na ukuta au fremu ya mlango, mkono ukiwa tayari kushika. Hatua ya kwanza ni miguu iliyobanwa pamoja kwa sekunde 30. Ya pili ni mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kama anayetembea juu ya kamba. Ya tatu ni kusimama kwa mguu mmoja. Hatua moja ikiwa imekwisha kuwa rahisi kwa siku kadhaa ndipo huendwa ya pili. Kufumba macho huja mwisho kabisa, wala hakufanywi na mtu aliye peke yake, kwa sababu huko ndiko kuyanyamazisha macho kwa makusudi ili hisi za mgongoni zilazimike kufanya kazi. Baadaye tena, blanketi lililokunjwa huwekwa chini ya miguu ili sakafu isiwe imara. Mzee anayeweza kucheza ngoma ya ritungu hadi usiku tayari ana sehemu ya utajiri huu, na huenda asihitaji kufundishwa hatua ya tatu.

Nusu saa, mara tatu kwa wiki au zaidi, pamoja na kutembea, ni kiasi kinachofaa wengi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika ikiwa kesho yake asubuhi yametulia. Yakiwa makali zaidi asubuhi, zoezi lilizidi na lipunguzwe. Nafuu haiji kwa siku tatu. Kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki sita, nane, na zaidi, na kukata tamaa hutokea zaidi katika wiki ya tatu, wakati maumivu bado yapo na shauku imekwisha. Simu ya mtaalamu katika wiki hiyo moja ina thamani kuliko video kumi.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vya mazoezi haviligusi, nalo ni zito kuliko yote katika kata kama hii. Anayebeba mzigo na anayeshika simu mara nyingi si mtu mmoja. Mama ndiye mwenye ndoo, kuni, jembe na mtoto mgongoni. Simu janja, kama ipo nyumbani, iko mfukoni mwa baba au mikononi mwa kijana, na mchana kutwa inasafiri nao mnadani au machungani. Jioni inarudi haina chaji. Ujumbe wa kumkumbusha mama mazoezi yake umesomwa saa nne asubuhi na mtu mwingine, kilomita nyingi kutoka nyumbani, naye amekwisha kuusahau. Kwa hesabu ya hospitali, mgonjwa amefikiwa. Kwa hakika, aliyefikiwa ni simu.

Tena hata simu ikiwapo, nusu saa haipo. Chukulia mama wa miaka 50 anayelala chali juu ya mkeka saa kumi na mbili jioni, kiuno juu, wakati moto haujawashwa na ndama hawajafungwa. Anayepita atasema nini? Akina mama wengi hawaogopi zoezi; wanaogopa kuonekana wamekaa. Hapo neno la mwenye nyumba ni tiba. Baba akisema mbele ya watu kwamba nusu saa hii ni ya mgongo wa mama, na simu itabaki nyumbani jioni tatu kwa wiki, na ndoo mbili za siku hizo zitachotwa na vijana, amefanya jambo ambalo mtaalamu wa Musoma hawezi kulifanya. Asipolisema, hakuna programu itakayolisema badala yake. Na hesabu si ngumu hata kwa asiye na huruma: mama akianguka na kuvunjika nyonga, nyumba hupoteza mikono yake kwa miezi, msimu wa kupalilia hupita, na ng'ombe huuzwa kwa ajili ya hospitali.

Wanaume nao wamo katika mada hii, ingawa wengi huja wamechelewa. Wachimbaji wadogo, wabeba magunia na madereva wa bodaboda huumia viuno wakiwa bado vijana, na kwao shida ni kinyume: simu ipo, bando lipo, lakini zoezi la kupiga magoti huonekana si la mwanaume.

Lazima pia isemwe wazi ni maumivu gani ya mgongo yasiyongoja mazoezi wala simu. Mwenye maumivu anayeanza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, anayekufa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ambaye mguu unakosa nguvu siku hadi siku, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyeanza kuumwa baada ya kuanguka au ajali. Maumivu yanayoambatana na homa, kutokwa jasho usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bila malipo nchini. Na kwa wafugaji upo brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Humwingia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kugusa kondo la ng'ombe aliyetupa mimba bila kinga, ukamletea homa inayokuja na kuondoka, na maumivu ya kiuno na nyonga. Mtu wa namna hiyo akipewa mazoezi peke yake hatapona. Anahitaji kipimo na dawa za wiki kadhaa. Mama mjamzito naye aonane kwanza na mhudumu wa kliniki, kwa sababu baadhi ya mazoezi hubadilishwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo mlango wa kwanza unabaki kuwa zahanati, si simu. Mganga humchunguza mgonjwa, akaondoa shaka ya magonjwa hayo, akampa rufaa ya kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba. Safari moja ya ana kwa ana haiepukiki, kwani simu haiwezi kumgusa mtu mgongo na kujua wapi pamekaza. Baada ya safari hiyo ndipo simu hufanya kazi yake. Maswali ya jumla ya afya yanaweza kuulizwa kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo hupigwa bila malipo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwafikia 137,294 katika miaka mitano, ni watu wanaofaa sana kufundishwa mazoezi haya, kwa kuwa wao hufika mlangoni na huona kama mkeka umetandikwa au la.

Atakayekwenda kuonana na mtaalamu kwa ajili ya mgongo aende na maelezo ya kazi anazofanya kutwa nzima, asione haya kuzitaja zote, kuanzia zizi hadi jiko. Aseme pia kama amewahi kuanguka katika mwaka uliopita, hata kama hakuumia, na kama ilikuwa gizani. Ataje aina ya simu iliyopo nyumbani na saa ambazo inapatikana. Na kama simu si yake, aende pamoja na mwenye simu.